D4 iliyokaa porini: usianze na injini, anza na miguu

Mkuu, nimelisoma swali lako mara mbili. Mzee amekuachia katapila D4, limekaa kando ya shamba la mkonge huko Korogwe miaka 19, injini haizunguki, namba yake inaanza na 7U, na mtu wa chuma chakavu ameshakuja kulipigia hesabu. Unaulizia fundi mzuri wa injini. Huyo fundi asubiri kwanza.

Mimi niko Illinois, Marekani. Siku za kazi naendesha lori, Jumamosi nashinda bandani na D4 7U yangu niliyoinunua 2016 kwa dola 2,600 kutoka kwa mkulima aliyekuwa ameitelekeza chini ya mti. Mke wangu anaiita mke mwenzake. Nilifanya hilohilo unalotaka kulifanya: nikazama kwenye injini miezi 14. Siku imewaka nikaita majirani, nikapanda, nikatembea kama mita thelathini, nikakata kona kulia, na cheni ya kushoto ikachomoka yote ikabaki nyuma yangu majanini. Kuirekebisha miguu, yaani cheni na magurudumu yake, kulinigharimu zaidi ya bei niliyonunulia mashine nzima.

Kwa hiyo kesho ukienda shambani, chukua futi kamba, brashi ya waya na spana kubwa. Boneti iache ilivyo.

Safisha sproketi, lile gurudumu la nyuma lenye meno, ulitazame kwa ubavu. Meno yakiwa butu na mapana, shukuru. Yakiwa yamechongoka na kulalia upande mmoja kama kucha za mwewe, cheni nayo imekwisha. Hivyo viwili huliana pamoja, na ukifunga sproketi mpya kwenye cheni iliyochoka utakuwa umetupa sproketi. Kisha papasa bushi, yale mabomba mafupi yanayokanyagwa na meno. Huliwa upande mmoja tu. Kama upande wa pili bado mzima, karakana yenye presi kubwa inaweza kung'oa pini na bushi na kuzigeuza nusu duara, na cheni ikapata maisha ya pili. Huo ndio ukarabati wenye faida kuliko wote kwenye mashine hizi, na ndio ambao watu huuruka. Uliza kwanza kama ziligeuzwa zamani, maana mara ya tatu haipo.

Halafu fainali, zile giaboksi za pembeni zinazozungusha sproketi. Legeza nati ya chini ya kumwagia oili, taratibu, uitazame tone kwa tone. Maji ni mazito kuliko oili, yamekaa chini, yatatangulia kutoka. Maji kikombe kimoja yavumilie. Yakitoka ndoo nzima na tope la kahawia, jiandae kwa beringi na sili. Fanya hivyohivyo kwenye giaboksi kubwa, kwa sababu ile ngozi ya mpira kwenye mti wa gia huoza na mvua ikaingia moja kwa moja. Yangu ilitoa lita kumi na kitu. Huku kwetu maji hayo yakiganda wakati wa baridi yanaweza kupasua chuma kabisa. Korogwe hiyo shida huna, mkuu, hata mimi nakuonea wivu.

Onyo moja, na hapa sitanii. Nyuma ya aidla, gurudumu la mbele lisilo na meno, kuna springi nene kama paja. Kazi yake ni kupokea kishindo jiwe likiingia kwenye cheni, nayo imefungwa ikiwa imebanwa kwa nguvu kubwa mno. Mashine ya umri huu hukazwa cheni kwa skrubu ndefu. Legeza hiyo skrubu tu. Ile bolti inayoshikilia springi yenyewe usiiguse bila vifaa vyake. Ikifyatuka inaua, na haichagui fundi na mwanafunzi.

Miguu hii ina historia kwetu. Babu mzaa mama alikuwa kijana Kongwa wakati wa mradi wa karanga wa Waingereza, ule ulioanza 1947 na kuvunjwa 1951. Alikuwa akisimulia makatapila mawili yanatembea sambamba, katikati yamefungwa mnyororo wa nanga ya meli, vichaka vinalala kama majani. Mashine nyingi zilikuwa mabaki ya vita yaliyonunuliwa Ufilipino zikiwa tayari taabani, na nyingine zilikuwa vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta. Tulipokuwa wadogo tulidhani anatia chumvi, kumbe yote ni kweli. Alichokuwa akikitaja kila mara ni udongo: wakati wa kiangazi ni mgumu kama saruji, na mchanga wake unakula chuma kama tupa. Niliyaelewa maneno yake niliposhika bushi ya kwanza mkononi.

Sasa injini. 7U ilitengenezwa 1947 hadi 1959, na hiyo ndiyo D4 ya mwili mpana, inchi 60 kutoka katikati ya cheni moja hadi katikati ya nyingine. Nyembamba ya inchi 44 ni 6U. Dizeli yake ya silinda nne ni mvumilivu ajabu, ila kama eksozi ilikaa wazi juu miaka 19, mvua imeingia kwenye silinda ambayo vali yake ilibaki wazi. Yangu ilikuwa silinda moja tu. Nilifungua injekta zote, nikamimina dizeli iliyochanganywa na oili ya giaboksi otomatiki, nikaacha wiki tano huku naongeza kila Jumapili. Kisha nikaweka mtaimbo kwenye meno ya flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, nikasukuma kidogo mbele, kidogo nyuma. Ikicheza hata unywele, umeshinda. Usiivute kwa trekta lingine. Na kabla hujaizungusha duru nzima, fungua kava la juu ugonge kila vali kwa nyundo ya mbao uone kama inarudi. Vali iliyoganda itakukunjia fimbo zake mara moja.

Kuwasha kwake ni burudani ya peke yake. Hakuna stata ya kuzungusha dizeli. Kuna injini ndogo ya petroli ya silinda mbili, wenyewe huku wanaiita poni, na hiyo ndiyo inayoiamsha kubwa. Unafungua petroli, unavuta choki, unazungusha kamba kwenye gurudumu la poni na kuivuta. Kamba usiiviringishe kiganjani hata siku moja, ishike tu, maana poni ikipiga teke kurudi nyuma itaondoka na vidole. Ikishawaka, unaachia mgandamizo wa dizeli kwa mkono wake, unaingiza gia ya poni, unaachia klachi, na dizeli inaanza kuzunguka bila kuwaka. Hapo usiwe na haraka. Poni na dizeli zinatumia maji mamoja, na moshi wa poni unapita kwenye bomba la kuingizia hewa ya dizeli, kwa hiyo kila dakika unayosubiri injini kubwa inapata joto na oili inapanda. Geji ya oili ikisimama vizuri, unarudisha mgandamizo, unafungua dizeli, na inaitika kwa sauti ambayo utaisikia kifuani.

Poni uizime kwa kufunga bomba la petroli na kuiacha ife yenyewe kwa kiu. Ukiizima vingine, petroli hupenya kwenye kabureta usiku na kuingia kwenye oili yake. Mimi niliharibu beringi za poni kwa uvivu huo.

Jambo jingine ambalo karibu linitie kaburini: kabla ya kuwasha, fungua kifuniko cha pampu ya dizeli uhakikishe ule ufito unaopunguza na kuongeza mafuta unateleza bure kwa kidole. Wangu niliukagua asubuhi, ulikuwa laini, mchana ukagoma. Injini ilipanda, ikapanda, mkono wa mafuta nimeurudisha mwisho na haisikii. Mzee mmoja jirani alikuwa ameniambia niweke kipande cha ubao karibu na mdomo wa hewa, nami nilimdharau lakini nikakiweka. Nilikibana pale, ikakohoa, ikafa. Tumia ubao, usitumie kiganja.

Klachi za kukatia kona nazo zitakuwa zimeshikana kwa kutu, hiyo ni karibu lazima. Vuta mkono wa klachi, ufunge na kamba, uache hivyo huku mashine inafanya kazi nyepesi na unakanyaga breki ya upande huo mara kwa mara. Yangu ya kulia iliachia siku ya tatu kwa mlio kama wa risasi. Ya kushoto ilikataa, nikaifungua, na hiyo ni hadithi ya uzi mwingine.

Matunzo baada ya hapo ni madogo kuliko watu wanavyodhani. Cheni ilegee inchi moja hadi moja na nusu kati ya rola ya juu na aidla, na kwenye tope uilegeze zaidi. Ukiikaza kama ngoma unajichinja mwenyewe. Kopo la maziwa ya unga juu ya eksozi kila jioni. Rangi iwe ya mwisho kabisa. Kampuni ya Caterpillar, iliyoitengeneza, ilianza kupaka njano mwisho wa 1931, kwa hiyo yako ilizaliwa ya njano, usije ukaipaka kijivu kwa sababu umeona picha za kizamani.

Spea zipo. Nyingine kampuni yenyewe bado inauza, nyingi zinatoka kwenye mashine zilizokatwa, ila zote huulizwa kwa namba kamili ya mashine. Mwambie mtu wa chuma chakavu akupe wiki mbili. Nitumie hiyo namba yote, picha ya sproketi kwa ubavu, na urefu wa cheni kwenye viungo vinne, pini hadi pini, upande usio na pini ya kufungulia, nami nitakwambia kama ya kwako inafufuka au inauzwa kwa kilo.