Swali la lugha: Vurugu, ukatili au dhuluma ya kiishara?

Msomaji anayeandika tasnifu ya shahada ya uzamili katika uhusiano wa kimataifa anauliza: "Dhana ya mwanasosholojia Mfaransa Pierre Bourdieu, violence symbolique, nimeiona ikitafsiriwa kuwa vurugu za kiishara, ghasia za kiishara na ukatili wa kiishara. Msimamizi wangu hakubali hata moja. Je, sentensi hii ni sahihi: 'Nchi wahisani zimefanya vurugu za kiishara dhidi ya nchi zinazoendelea'?"

Namuunga mkono msimamizi wako. Bourdieu (1930–2002) alikusudia utawala ambao anayetawaliwa huuona kuwa wa kawaida, pengine hata wa haki, kwa kuwa anajipima kwa vipimo alivyopewa na anayemtawala, na hivyo huchangia kudunishwa kwake bila kukusudia. Kwa hiyo kila neno tunalolifikiria tuliulize jambo moja: je, mtu anaweza kutendewa hivyo pasipo kujua kwamba ametendewa?

Vurugu na ghasia haziwezi kulijibu swali hilo, kwa sababu vurugu huonekana na ghasia husikika. Zikianza, wenye maduka hufunga milango. Mabavu nayo hayaachani na mwili, kwani neno lenyewe lina undugu na ubavu. Ukatili ni neno zito, na nchini Tanzania limezoeleka katika ukatili wa kijinsia, lakini hutupeleka kwenye moyo wa mtendaji: katili ni mtu asiye na huruma, ilhali ofisa anayezipanga nchi kwa madaraja aweza kuwa mpole na mwenye nia njema kabisa. Unyanyasaji una kasoro ya upande wa pili, maana anayenyanyaswa kwa kawaida anajua, na ndiye wa kwanza kulalamika.

Linabaki neno dhuluma. Mfikirie mjane anayewekewa karatasi za mirathi mezani, ndugu wa marehemu akimwonyesha mahali pa kutia dole gumba na kumwambia, "Hapa tu, shemeji, mengine tutayamaliza sisi," naye anatia dole na kushukuru. Mama huyo amedhulumiwa saa ile ile, hata kama atakuja kutambua baada ya miaka kumi, au asitambue kamwe. Kiswahili hakimtaki mdhulumiwa afahamu ndipo dhuluma iitwe dhuluma. Isitoshe, vyombo vya habari vya Kenya husema dhuluma za kijinsia pale ambapo Watanzania husema ukatili wa kijinsia, kwa hiyo neno hili si geni katika kutafsiri violence. Napendekeza uandike dhuluma ya kiishara, kwa umoja, kwa kuwa unazungumzia namna ya utawala na si matukio ya kuhesabika.

Kiungo dhaifu ni kiishara. Wengi wakisikia mchango wa kiishara huelewa mchango wa kuonyesha tu, usio na uzito, na msomaji wako anaweza kudhani kwamba hata dhuluma hii ni ya kuigiza. Eleza mapema kwamba ishara hapa ni majina, vyeo, ramani na viwango ambavyo watu hupangwa kwavyo. Usikimbilie alama, kwani mwanafunzi akisoma neno hilo atafikiria mtihani.

Mfano mzuri umo ndani ya Kiswahili chenyewe, nao ni neno himaya. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni ulinzi. Zanzibar ilipowekwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890, jina hilo lilimfanya aliyechukua madaraka aonekane kuwa amechukua mzigo. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki, na Khalid bin Barghash akakalia kiti bila idhini ya Waingereza. Tarehe 27 manowari za huyo mlinzi zikalipiga mizinga jumba la kifalme kwa muda usiofika saa moja. Mizinga ilihitajika siku ambayo jina halikutosha. Leo tunasema Himaya ya Kirumi tukimaanisha dola iliyoteka wengine, wala hatusikii tena kwamba tumesema ulinzi.

Sasa nirudi kwenye sentensi yako, ambayo nimeisoma kwa tabasamu kidogo, kwa sababu inatenda kile inachokilaumu. Nchi zinazoendelea zinakabiliana na nchi zilizoendelea, na tofauti yao yote imebebwa na viambishi viwili: -li- inamaliza safari, hawa wamefika, -na- haina kikomo, wale wako njiani daima, na njia ni ile waliyopita wenzao. Mpangilio huo ulipata nguvu katika hotuba ya Rais Truman wa Marekani ya tarehe 20 Januari 1949, alipozungumzia maeneo yaliyo nyuma kimaendeleo. Benki ya Dunia iliacha kuzigawa nchi kwa makundi hayo mawili katika viashiria vyake vya maendeleo mwaka 2016, lakini magazeti yetu hayajaacha.

Wahisani ni neno gumu zaidi, kwa kuwa ihsani ni wema usiodai malipo. Sehemu kubwa ya fedha zinazoitwa za wahisani ni mikopo inayorejeshwa, mingine pamoja na riba, na hakuna mwenye duka Kariakoo anayemwita mhisani mtu anayemkopesha kwa riba. Nyaraka za serikali ya Tanzania siku hizi hupendelea washirika wa maendeleo, jina lenye adabu zaidi, ingawa mshirika mmoja ndiye anayeandika masharti.

Mwisho, kufanya dhuluma dhidi ya ni muundo wa kigeni. Kiswahili kina kudhulumu. Hata hivyo, kitenzi hicho kingemtaka mtendaji mmoja na tukio moja, jambo ambalo Bourdieu hakulikusudia. Kama fedha unazozizungumzia ni mikopo, andika: "Uhusiano wa nchi zinazokopesha na nchi zinazokopa umejengwa pia juu ya dhuluma ya kiishara." Kama ni ruzuku, andika nchi zinazotoa na nchi zinazopokea.