Kutoka kwenye theluji ya Sweden hadi joto la Cape Epic: trena inatosha?

Mkuu, umeuliza kama mtu anayeishi kaskazini mwa Sweden anaweza kujiandaa kwa Cape Epic, mbio za baiskeli za milimani, ndani ya nyumba tu, juu ya trena, yaani kifaa cha kuendeshea baiskeli ukiwa palepale. Naishi Umeå na mbio hizo nimeshaziendesha. Kwa miguu na mapafu, inatosha kabisa. Kwa mikono na mgongo, haitoshi.

Mbio ni Machi, Western Cape, Afrika Kusini, siku nane mfululizo, kwa hiyo maandalizi yote yanaangukia miezi ya giza. Usijilazimishe kukaa ndani saa sita. Juu ya trena hakuna mteremko wa kukupumzisha, miguu haisimami, na saa mbili zinakutoa jasho la kweli. Novemba na Desemba naendesha kwa mwendo ambao bado naweza kuongea. Januari naingiza vipande vya dakika 15 hadi 20 kwa gia nzito, maana vilima vya kule vina mawe na mchanga. Jumamosi na Jumapili zote ziwe ndefu: kupanda baiskeli tena miguu ikiwa bado imechoka ndiyo Cape Epic yenyewe.

Wengi hawalitilii maanani joto. Unaondoka huku ni nyuzi 15 chini ya sifuri, kule zinaweza kupita 35. Hapo chumba chako kinaishinda barabara. Msimu mzima weka feni kubwa usoni ili ufanye kazi kwa nguvu zote. Zikibaki wiki mbili, izime. Endesha taratibu dakika 45 hadi 60 ukiwa na nguo ya mikono mirefu, au ukimaliza mazoezi ingia sauna moja kwa moja. Majengo mengi huku yanazo. Maji ya damu yanaongezeka, jasho linaanza kutoka mapema, na mapigo ya moyo yanapungua kwa kazi ileile. Faida hiyo hupotea ndani ya wiki chache, ndiyo maana hakuna haja ya kuianza Januari. Ukisikia kizunguzungu, shuka hapohapo.

Humohumo ndani lifundishe tumbo: gramu 60 hadi 90 za wanga kwa saa, na kinywaji kilekile utakachotumia mbioni. Usukani ufunike taulo, chumvi ya jasho inakula boliti.

Sasa mikono na mgongo. Trena haitikisiki, na breki huzigusi. Nyanyua vyuma mara mbili kwa wiki, na njia ikishashindiliwa theluji toka nje na matairi ya misumari, hata kwa saa moja. Theluji iliyolegea inayumbisha gurudumu la mbele kama mchanga.

Mwisho, mwenzako. Mnashindana wawili wawili na hamruhusiwi kuachana zaidi ya dakika mbili, hivyo linganisheni nguvu mapema, wati kwa kila kilo ya mwili. Akiwa dhaifu kuliko wewe mlimani, wewe ndiye utakayebeba maji na vifaa. Basi vipande vyako vya Februari vifanye ukiwa na mkoba mgongoni.