Ivue Protini Yako RNA Kabla ya Kuipeleka NMR

Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja wa Kisauni alinijia nyumbani, Mji wa Kale, na picha ya jeli, ile inayotenganisha protini kwa ukubwa, kwenye simu. "Dada, protini imetoka safi, mstari mmoja tu. Naipeleka NMR," ile mashine ya sumaku inayosoma umbo la protini. Nikamuuliza, mdogo wangu, umepima 260, yaani mwanga unaofyonzwa na RNA? Hakuwa amepima. Mimi pia sikupima, na iliniuma.

Nilikuwa masomoni Ujerumani, nikichunguza CspA ya bakteria E. coli, protini ndogo ya asidi amino 70. Bakteria huizalisha kwa wingi wakipigwa na baridi ghafla, tuseme kutoka nyuzi 37 hadi 10, nayo huishika RNA, ule uzi unaobeba nakala ya maagizo ya jeni, isijikunje ovyo. Sasa fikiria: ukiwapasua bakteria tu, inaing'ang'ania RNA yao kama pweza na mwamba. Jeli haitakwambia, maana rangi ya Coomassie hushika protini, si RNA.

Nilikuwa nimeshawalisha bakteria naitrojeni-15, naitrojeni nzito ambayo NMR huiona, na bei yake si ya mchezo. Kwenye HSQC, picha ya madoa inayotoka NMR, kila asidi amino huonyesha doa la uti wake, isipokuwa prolini na ile ya kwanza. CspA ina prolini 2, basi nilingoja madoa 67. Nikaona ukungu katikati na madoa machache pembeni. Siku tatu nililaumu joto, pH, hata mashine. Kumbe protini ilibeba vipande vya RNA vya kila urefu. Mzigo mkubwa huzunguka polepole majini, na ishara zake hutanuka mpaka zikafifia.

Kwa hiyo pima mwanga unaofyonzwa kwenye nanomita 260 na 280, ugawanye cha 260 kwa cha 280. Protini tupu hukaribia 0.6, RNA tupu hukaribia 2. Yangu ilikuwa 1.5. Niliiosha ikiwa bado imenasa kwenye safu ya nikeli, kichujio kinachoikamata protini, kwa chumvi ya moli 1 kwa lita, taratibu, kama mtu anayechuja tui mara ya pili na ya tatu. RNase, kimeng'enya kinachokata RNA, husaidia, ila nayo ni protini, utahangaika kuiondoa. Mimi naanza na chumvi. Baadaye ipunguze chumvi hiyo, kwa sababu hudhoofisha usikivu wa mashine.

Na usiharakishe hapa. Ukitaka kujua RNA hukaa wapi, utaongeza kipande kifupi cha RNA kidogo kidogo na kutazama madoa yapi yanahama. Kama kiti tayari kina mtu, utaona nini?

Jana jioni kaniandikia: 1.3. Bahati nzuri ilikuwa sampuli ya kawaida, bila naitrojeni-15. Anaosha tena.