Shangazi Anajibu: Mume wangu hataki safari ya mvinyo

*Shikamoo Shangazi. Ni mama wa watoto wawili, naishi Mbezi. Septemba hii ndoa yetu inatimiza miaka 12, nikataka tusherehekee kwa safari ya kula na kunywa mvinyo taratibu, sisi wawili tu, Stellenbosch na Franschhoek kule Afrika Kusini. Nimepanga kila kitu: siku tano, mashamba 14 ya mvinyo, mgahawa wa mchana na wa jioni, na mpiga picha wa kutupiga chini ya vichala vya zabibu. Mume wangu kakataa. Anasema hiyo ni ziara ya waziri, eti kama ni zabibu twende kwao Dodoma kwa treni tukakae siku nne. Yeye ni mtu wa glasi moja, ya pili anasinzia. Tangu baba yake afariki mwaka jana na kuacha lile shamba la mizabibu la Hombolo, Dodoma, amekuwa mtu wa Dodoma tu. Rafiki zangu wawili na waume zao wameshalipa tiketi. Uso nitauweka wapi? Nahisi ni ubahili, au hanipendi tena. Nifanyeje? – Niliyechoka, Mbezi*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuchoka. Pole hiyo itoshe, maana tuna mengi.

Umeandika "sisi wawili tu". Mistari michache mbele wametokea rafiki zako wawili na waume zao, tena tiketi mkononi. Mimi nahesabu watu sita, na mpiga picha wa saba. Mumeo aliambiwa lini habari za hao wengine, kabla ya tiketi au baada? Barua yako imepita hapo kwa kunyata, lakini nimekuona. Penye wengi pana mengi, na mwanaume aliyeahidiwa mke wake peke yake ana haki ya kununa akikuta ameandaliwa msafara.

Halafu hilo la baba mkwe. Umelibana katikati ya glasi ya pili na tiketi za rafiki zako, kama mtu anayetaja kwamba juzi mvua ilinyesha. Mtoto wa watu amezika baba yake mwaka jana. Shamba limebaki. Anataka siku ya kukumbuka ndoa yenu akupeleke huko, wewe mke wake, mkae siku nne bila haraka. Wewe umesoma ubahili. Mimi nasoma mtu anayeomba ashikwe mkono na hajui aombeje, maana wengi wao ndivyo walivyolelewa. Badala ya kusema "nimemkumbuka baba," atasema "treni ni nafuu."

Na hebu niambie, katika miaka hiyo 12 umelala Hombolo mara ngapi? Mama mkwe yuko hai? Barua nzima hujamtaja. Nani anaipogolea ile mizabibu sasa? Kama hujui, basi mumeo analibeba lile shamba peke yake, na anapokwenda Dodoma haendi kutembea.

Sasa tuje kwenye ratiba yako, maana hata nikimtoa mumeo kabisa, ratiba yenyewe inanitia shaka. Mashamba 14 kwa siku tano! Kule Rasi, ndiko Stellenbosch na Franschhoek ziliko, kila shamba kwa kawaida hukuwekea aina tano hivi uonje. Zidisha. Hayo ni mafunda sabini ya mvinyo kwa mtu ambaye glasi ya pili inamlaza. Wanaoonja kwa kazi hutema kwenye ndoo, ndiyo maana hufika jioni wakiwa wamesimama. Nyinyi mtatema, na bei mliyolipa ile? Siku ya pili mmoja atakuwa na kichwa kinagonga, mwingine anachungulia saa kwa sababu dereva anasubiri, na meza ya jioni mmeiwekea nafasi nanyi bado mmeshiba ya mchana. Neno "taratibu" umeliandika kwenye barua, kwenye ratiba halimo.

Kuna jingine, na hili litakuuma. Septemba Stellenbosch hakuna zabibu. Kule ndiyo kwanza baridi inaisha na mizabibu inaanza kuchipua, vijani vidogo kwenye vijiti vikavu. Mavuno yao huanza mwishoni mwa Januari na kushika kasi Februari na Machi. Huyo mpiga picha atawapiga chini ya fito.

Unajua zabibu zinakokuwa zimeiva mwezi wa tisa? Dodoma. Kwetu hakuna baridi ya kuulaza mzabibu. Unazaa kadiri mkulima anavyoupogolea, kwa hiyo Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka: mkupuo mmoja karibu na Machi, mwingine Agosti na Septemba. Mtoto wa mkulima wa Hombolo hilo analijua tangu anatambaa. Ulimuuliza? Au ulimwonyesha ratiba ikiwa imeshachapwa?

Hapa niwaseme na wengine wanaosoma, maana si wewe peke yako. Ndoa za siku hizi zina mtu wa tatu, na wala si mchepuko. Ni simu. Chakula hakiliwi mpaka kipigwe picha, mume hakumbatiwi mpaka mwanga ukae vizuri. Harusi tunachangisha kwa kamati na vikao vya miezi, sawa, ni desturi yetu na inasaidia. Lakini sasa hata kumbukumbu ya ndoa imeundiwa kamati! Watu wanakwenda kustarehe na rangi za sare. Wakirudi wanadaiwa, hawasemeshani, na picha zimependwa na watu mia nne ambao hakuna hata mmoja atakayewaletea uji mkiugua. Mama zetu walikuwa na starehe zao pia, msidhani hawakuwa nazo. Baba anarudi na kipande cha nyama kwenye gazeti, watoto wanalazwa mapema, wawili wanakaa uani mpaka mkaa unazimika. Hakuna aliyejua walizungumza nini. Ndiyo maana waliweza kuzungumza.

Basi, turudi kwako. Mume ana haki, na mimi niko upande wake wazi kabisa. Alichokosea ni kusema "ziara ya waziri" akakuacha hapo. Angesema yaliyo moyoni tungemaliza bila barua. Nenda kamuulize, usiku, bila simu.

Kisha mpange upya. Tangu Julai 2024 treni ya umeme inafika Dodoma, na ile ya haraka hutumia kama saa tatu na nusu kutoka Dar, safari ambayo kwa basi inakula siku. Kateni tiketi mapema, wikiendi hujaa. Siku ya kwanza msipange kitu. Fikeni, mwoge, mlale. Siku ya pili nendeni Hombolo kwa mama mkwe, kama bado yupo. Usiende na keki ya mjini, nenda na sukari, mchele na kitenge, na uingie jikoni. Akikupikia ugali wa uwele kwa mlenda, kula kwa mkono na uombe nyongeza. Asubuhi kabla jua halijawa kali mwache mumeo akutembeze shambani, akuonyeshe baba yake alianzia mstari gani. Usione vyaelea, vimeundwa: zabibu za Dodoma zilianza na wamisionari wa Kiitalia pale Bihawana miaka ya 1950, lakini waliozisambaza mkoa mzima ni wakulima wa aina ya baba mkwe wako, kwa jembe na ndoo ya maji.

Kiwanda cha mvinyo tembeleeni kimoja kwa siku, siyo vitatu. Hombolo vipo. Pigeni simu kabla, maana vingi ni sehemu za kazi, havina mhudumu anayesubiri wageni mlangoni. Kuleni kwanza, chukueni gari lenye dereva, na mwonje zaidi ya lile dompo tamu mlilolizoea. Mwombe mtu wa kiwandani awape mvinyo mweupe wa Chenin Blanc, zabibu ile ile wanayojivunia huko Rasi, halafu mwekundu wa ile mbegu iitwayo Makutupora. Mumeo anywe glasi yake moja. Akisinzia, msogezee bega.

Mkiangukia Jumamosi, pitieni mnada wa Msalato, barabara ya Arusha. Nyama ya mbuzi imechomekwa vijitini kuzunguka moto, unaonyesha kwa kidole kipande unachokitaka, kinakatwa juu ya gogo na kupewa chumvi na pilipili pembeni. Wamiliki wa migahawa yako ya Franschhoek wangelipa pesa kukipata kile kipande. Vaa viatu vya vumbi.

Wala sikukatazi Rasi. Wekeni akiba, mwende Februari ya mwaka mwingine, zabibu zikiwepo, nyinyi wawili kwa maana ya wawili. Stellenbosch shamba moja asubuhi, mchana mrefu mezani, basi. Franschhoek kuna tramu inayopeleka wageni toka shamba hadi shamba, hakuna wa kuendesha gari amelewa. Huko ni kwa wale Wafaransa Wahugenoti waliofika 1688 wakikimbia kuonewa kwa dini yao. Mumeo atapenda kusikia habari zao, watu wa mizabibu huelewana.

Rafiki zako waambie ukweli leo: wewe huendi, wao waende salama. Watanuna wiki mbili. Na yule mpiga picha kama kianzio chake hakirudi, mwambie aje nyumbani Jumapili awapige nyinyi wawili picha za pasipoti, mtazihitaji hiyo Februari.