Kutoa Rangi Kwenye Picha: Maswali Yenu

Bibi harusi alivaa gauni jekundu, wapambe wake ya kijani. Nilipotoa rangi kwa simu, nguo zote zikawa kijivu kimoja. Tatizo ni nini?

Tatizo ni njia ya kutoa rangi. Kuna programu ambazo ukishusha ukolezo wa rangi (saturation) hadi sifuri, nyekundu kali na kijani kali zinahesabiwa kuwa na mwanga sawa. Jicho la binadamu halioni hivyo. Hesabu moja inayotumika sana kuliiga huipa kijani asilimia 59 ya mwanga, nyekundu 30, bluu 11 tu. Irudie picha ya rangi, uifungue kwa GIMP, programu ya bure ya kompyuta, utafute Mono Mixer. Hapo unapanga mwenyewe kila rangi ichangie kiasi gani. Pandisha nyekundu, shusha kijani: gauni la bibi harusi litang'aa, ya wapambe yatakoza. Hakikisha tu jumla ya rangi zote tatu inabaki karibu na 1, ikizidi picha nzima itaungua kwa mwanga, ikipungua itaingia giza.

Mbona nyuso za ndugu zangu zinakuwa nyeusi tii?

Msikimbilie kuongeza mwanga wa picha nzima, maana kanzu na mashati meupe yatapoteza mikunjo yote. Ngozi zetu zina wekundu mwingi, kwa hiyo ongezeni mwanga wa nyekundu tu. Kwenye simu, programu ya picha ya Snapseed ina kichujio chekundu na cha chungwa kwa kazi hiyo. Mimi napendelea cha chungwa, kwa sababu chekundu kikizidi midomo hupauka ikapotelea usoni. Bluu iepukeni kabisa kwa picha za watu: huitia ngozi giza na kuanika kila chunusi.

Nikishahifadhi, naweza kuirudisha rangi?

Mara nyingi hapana. Programu zinazotia rangi picha za zamani hukisia tu. Tengeneza nakala kwanza.

Nataka picha ya babu iwe ya kahawia kama za studio za zamani. Nianzie wapi?

Anza na nyeusi na nyeupe iliyokaa sawa, ndipo utie kahawia. Zamani mafundi waliichovya picha kwenye dawa iliyogeuza fedha ya kwenye karatasi kuwa salfidi ya fedha, inayodumu zaidi. Weusi wa picha ulilainika, lakini kina chake kilibaki. Sepia za kubonyeza mara moja mara nyingi hukifuta kina hicho. Weka tabaka (layer) la kahawia juu ya picha, lipe uzito (opacity) wa asilimia 20 hivi, kisha tazama kofia ya babu: ikishaanza kuonekana ya njano, punguza.