TV ya kichogo au sheda? Angalia unacheza nini

Ndugu, umeuliza kama uichukue ile TV ya kichogo unayopewa bure uchezee gemu za zamani, au ubaki na sheda (programu ndogo inayoipa picha sura ya kichogo) kwenye emuleta, yaani programu inayoiga mashine ya gemu. Kama una pa kuiweka, ichukue.

Si kwamba sheda ni mbaya. Kwenye skrini ya 4K yenye mistari 2160, picha ya gemu ya zamani ya mistari 240 inaingia mara 9 kamili, kwa hiyo kila mstari unapata nafasi ya kuchorwa na kivuli chake. Jaribu maporomoko ya maji kwenye gemu ya Sonic ya kwanza: bila sheda ni vistari vilivyosimama kama fito za uzio, washa sheda inayoiga waya wa kompositi (ule wa video wa njano, unaochanganya rangi za jirani), ghafla unaona mwamba nyuma ya maji.

Kichogo kinashinda kwenye mwendo. Skrini bapa ya Hz 60 (picha 60 kwa sekunde) huishikilia kila fremu, yaani kila picha, mpaka ije nyingine, na mhusika akikimbia jicho linaona ukungu. Sheda ya kawaida haiondoi hilo. Bunduki ya NES, mashine ya gemu ya zamani ya Nintendo, nayo haifanyi kazi kwenye skrini bapa.

Ila usiifungue nyuma. Umeme mkali hubaki ndani hata ukiichomoa. Na usiibebe peke yako, mgongo huo bado unauhitaji.