Viwavi wa sukuma wiki hawafi kwa dawa, nifanyeje?

SWALI: Nina matuta manne ya sukuma wiki nyuma ya nyumba. Majani yametoboka, na chini yake nakuta viwavi wadogo wa kijani. Nimepiga dawa ya dukani mara tatu ndani ya wiki mbili, bado wapo. Ninunue dawa gani kali zaidi? – Mama mkulima, Mbezi, Dar es Salaam

JIBU: Mama, kabla ya kurudi dukani rudi kwanza tutani. Mguse kiwavi mmoja kwa ujiti. Akijinyonganyonga, akarudi kinyumenyume na kuning'inia kwa uzi mwembamba, huyo ni mtoto wa nondo mgongo-almasi, Plutella xylostella. Urefu wake ni kama sentimita moja, amechongoka mbele na nyuma. Kisha inua jani juani: yeye hula upande wa chini na kuacha ngozi ya juu, kwa hiyo utaona vidirisha vinavyopitisha mwanga. Ngozi hiyo ikikauka ndipo matundu yanapotokea.

(Miche ikikutwa asubuhi imelala, imekatwa usawa wa udongo, hapo unashughulika na sota, kiwavi mwingine anayejificha udongoni. Fukua kando ya shina, utamkuta amejikunja.)

Dawa kali zaidi? Hapana. Mdudu huyu ni sugu kupindukia. Kwenye joto kama la kwenu huzaliana kizazi kipya ndani ya wiki mbili hadi tatu, na wanaozaa ni wale walionusurika na dawa. Isitoshe, dawa hizo huua nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya kiwavi. Nyigu hao wana thamani kiasi kwamba mwanzoni mwa miaka ya 2000 kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, Nairobi, kilileta Kenya aina moja kutoka Taiwan, Diadegma semiclausum, kwa kazi hiyo hiyo.

Kwa matuta manne, mkono wako unatosha kuanzia. Kila baada ya siku mbili geuza majani, ponda viwavi pamoja na vifuko vya utando ambamo hujifunga kabla ya kuwa nondo. Ng'oa mashina ya sukuma iliyozeeka. Hapo ndipo wanapolelewa.

Wakizidi, tafuta dawa yenye Bacillus thuringiensis, bakteria wanaoua viwavi. Piga jioni, kwa sababu jua huiharibu, na elekeza bomba chini ya majani. Usishtuke kuwaona bado wapo kesho yake: wakishaila huacha kula, na hufa baada ya siku mbili tatu. Usitumie hiyo peke yake msimu mzima, maana Hawaii mdudu huyu alishaizoea kufikia 1990. Pishana na mwarobaini: twanga gramu 50 za kiini cha mbegu kwa lita moja ya maji, loweka usiku kucha, chuja, ongeza sabuni kidogo ili ishike kwenye jani.

Na mboga zilizopigwa dawa mara tatu, mnaendelea kuchuma? Angalia kwenye lebo siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Kama hazijaisha, msile wala msiuze.